Android Kwenye Kompyuta Kuukuu: Ijaribu Kwanza kwa Flashi

Karibuni wadau, tuko Mwanga, Kigoma. Mashine mnayoiona ni Dell ya siku nyingi, RAM ya GB 2. Ukiiwasha Windows, unaweza kushuka sokoni kununua migebuka ukarudi, kiduara bado kinazunguka. Leo tunaipa Android.

Ingia tovuti ya Android-x86, yaani Android iliyotengenezwa kwa kompyuta, pakua toleo la 9.0. Faili ni kubwa, linakaribia GB 1, kwa hiyo subirini bando la usiku. Kuna la biti 32 na la biti 64. Kama hujui prosesa yako ni ipi, kwa mashine kuukuu kama hii chukua la 32.

Chomeka flashi ya GB 4 au zaidi. Hamisha picha zako kwanza, maana itafutwa yote! Fungua Rufus, programu ya kuandika faili hilo kwenye flashi ili kompyuta iwake nayo, chagua flashi, chagua faili ulilopakua, bonyeza START.

Sasa zima, washa, huku unagonga F12. Hiyo ni Dell. HP nyingi ni F9. Chagua flashi. Mnaiona orodha hii? Chukueni mstari wenye neno Live. Msiguse Installation bado, hata mkono ukiwasha. Kwa Live, Android inakimbia kutoka kwenye flashi, Windows yako haiguswi.

Skrini ikibaki nyeusi, rudi kwenye orodha, simama kwenye mstari uleule, bonyeza Tab, acha nafasi mwishoni, andika nomodeset, kisha Enter. Mara nyingi kadi ya picha ndiyo inayosumbua.

Ikishawaka, jaribu Wi-Fi, sauti, na video moja ya YouTube. Wi-Fi ikigoma, mimi nisingesakinisha kabisa. Android bila intaneti utaifanyia nini?

Programu nyingine zitakataa, kwa sababu zimetengenezwa kwa prosesa za ARM za simu, na hii ni Intel. Za benki nazo nyingi hugoma. Kusema kweli hata zikikubali, msiweke pesa humu: Android 9 haipati tena masasisho ya usalama.

Umeridhika? Nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje, ndipo uchague Installation. Chagua sehemu ya diski, chagua ext4 (mpangilio wa diski, na ukiuchagua sehemu hiyo inafutwa), kubali GRUB (programu inayoiwasha Android). Ikimaliza chomoa flashi, washa upya. Kitufe cha kurudi nyuma hakipo, gonga Esc.