Hakumbuki, au Hataki Kukumbuka? Pombe, Bangi na Kumbukumbu

LUSAJO: Kamwene, wasikilizaji. Tupo Iringa mjini, mvua inanyesha, na huko Kilolo na Mufindi ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unagemwa asubuhi na jioni. Mimi mwalimu Lusajo, na leo niko na dada Vumi, muuguzi wa afya ya akili. Shikamoo, dada.

VUMI: Marahaba, mwalimu.

LUSAJO: Nianze na ujumbe wa mama mmoja. Anasema mumewe alirudi kutoka kilabuni usiku, akamtukana mama mkwe wake mbele ya watoto. Alikuja kwa miguu yake, akafungua mlango mwenyewe, akadai chakula, akala. Asubuhi anaulizwa, anasema hakumbuki kitu. Mama anauliza: huyu si ananidanganya tu?

VUMI: Inawezekana kabisa anasema kweli. Najua jibu hilo linamuuma, kwa sababu yeye alimwona mtu anayeongea, anayejibu, anayejua hata sufuria iko wapi. Lakini kutembea na kuongea ni kazi nyingine, na kuhifadhi kumbukumbu ni kazi nyingine. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu inaitwa hipokampasi. Ndiyo inayochukua tukio la sasa hivi na kulitengeneza liwe kumbukumbu ya kudumu. Pombe ikipanda kwenye damu kwa kasi, sehemu hiyo inasimama kazi huku mwenyewe bado yuko macho.

LUSAJO: Kwa hiyo si kwamba amesahau.

VUMI: Hajasahau, maana hakuna kilichohifadhiwa. Ni daftari ambalo halikuandikwa. Utafunua kurasa hadi kesho. Ndiyo maana kumkazania mtu, "kumbuka vizuri, kumbuka vizuri," hakusaidii. Na hapa kuna hatari: ukimsimulia sana, atajenga picha kichwani kutokana na maneno yako, halafu aamini kuwa anakumbuka.

LUSAJO: Imewahi kupimwa hii, au ni nadharia?

VUMI: Imepimwa. Miaka ya kuelekea 1970 kule Marekani, daktari Donald Goodwin aliwapa pombe watu waliokuwa wanywaji wa siku nyingi, hospitalini, chini ya uangalizi. Akawaonyesha vitu, akawauliza baada ya dakika 2. Wanajibu vizuri. Akawauliza tena baada ya nusu saa, wengine hawana habari kabisa. Kesho yake vilevile. Dakika 2 anazo, nusu saa hana. Sasa fikiria mtu huyo kilabuni: anakujibu vizuri, mnacheka, mnakubaliana bei ya ng'ombe.

LUSAJO: Na anaweka dole gumba kwenye karatasi ya kuuza shamba!

VUMI: Hilo linaniumiza sana, mwalimu. Watu wanasubiri mzee anywe ndipo walete karatasi. Shahidi anasema "alikuwa na akili zake, tuliongea naye." Ni kweli mliongea naye. Kesho yake yeye hajui kama mliongea.

LUSAJO: Lakini huyu baba wa ujumbe wetu, je, kutokukumbuka kunamtoa kwenye kosa?

VUMI: Hapana. Matusi yalitoka kinywani mwake na mama mkwe aliyasikia. Ninachomwambia mama ni kwamba asipoteze nguvu kubishana kama anakumbuka au hakumbuki. Amwambie alichofanya, mchana, akiwa hajanywa, na mtu mzima anayemheshimu awepo. Na hilo la kutokukumbuka alichukue kama dalili ya ugonjwa, kama homa.

LUSAJO: Mbona wengine wanakunywa ulanzi ule ule na wanakumbuka kila kitu?

VUMI: Kinachoamua zaidi ni kasi. Ulanzi mtogwa, ule mtamu wa leo, si sawa na mkangafu uliolala, kwa sababu hauachi kuchacha. Kikombe ni kilekile, kilevi kimeongezeka. Ukinywa na njaa, kinapanda haraka. Wanawake kwa kawaida kinawapanda haraka zaidi kwa kiasi kilekile, kwa sababu mwili wao una maji kidogo. Na pombe kali ndiyo mbaya kuliko zote kwa hili, maana mtu anameza nyingi kwa dakika chache. Viroba, vile vifuko vya pombe kali, vilipopigwa marufuku mwaka 2017, mimi nilishukuru kwa moyo wote.

LUSAJO: Hebu niingie kwangu, shuleni. Vijana wa kidato cha tatu na cha nne wananiambia, "Mwalimu, nikivuta msuba kidogo, kitabu kinaingia."

VUMI: Anahisi kinaingia. Bangi ina kemikali inaitwa THC, na sehemu inazonasa kwenye ubongo zimejaa humo humo kwenye hipokampasi. Kijana anasoma ukurasa, anaona mawazo makubwa, lakini akifika mstari wa mwisho, wa kwanza umemponyoka. Kumbukumbu ya zamani haiguswi sana, jina la bibi yake analijua. Kinachokwama ni kuingiza kipya, na shule ni kuingiza kipya kila siku.

LUSAJO: Akiacha, inarudi?

VUMI: Hapa nina habari njema, na naomba uwapelekee darasani. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Marekani wa vijana wa miaka 16 hadi 25 waliokuwa wanavuta kila wiki. Walioacha kwa mwezi mmoja, uwezo wa kujifunza maneno mapya ulipanda, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilionekana ndani ya wiki ya kwanza. Wiki moja, mwalimu! Kijana wa kidato cha nne ambaye mtihani uko mbele bado ana nafasi. Kumfukuza shule siku hiyo hiyo anaponaswa ni kumnyima wiki hiyo.

LUSAJO: Nimekusikia. Hilo nitalipeleka hata kwenye kikao cha walimu. Na vidonge vya usingizi?

VUMI: Diazepamu na ndugu zake. Hospitalini tunatumia dawa za kundi hilo kabla ya upasuaji, na moja ya faida zake ni kwamba mgonjwa hakumbuki yaliyofuata. Sasa bibi anakinunua dukani bila cheti, kila usiku, halafu familia inasema uzee umemwingia. Ukiona mzee amebadilika ghafla, beba vidonge vyake vyote umpelekee daktari avione. Ila asiviache mwenyewe kwa mara moja.

LUSAJO: Turudi kwa wanywaji. Kuna wale ambao hata wasipokunywa hawakumbuki.

VUMI: Hao wananihuzunisha kuliko wote. Mtu anakunywa miaka, ulanzi unakuwa ndio chakula, na vitamini B1 inamwishia mwilini. Mwaka 1887 daktari wa Urusi, Sergei Korsakoff, alianza kueleza ugonjwa huu ambao leo una jina lake. Unamsalimia mgonjwa, unatoka, unarudi baada ya dakika chache, anakusalimia upya. Ukimuuliza jana alikuwa wapi, anakwambia alikuwa Mafinga kununua mbao, kumbe yuko wodini wiki ya pili. Hadanganyi. Ubongo unajaza pengo bila yeye kujua.

LUSAJO: Kinga yake?

VUMI: Kula. Dona, maharage, karanga, vyote tunalima hapa hapa. Lakini akishaanza kuchanganyikiwa, kuyumba bila kunywa, au macho kuchezacheza, hiyo si ya chakula tena. Ni sindano za B1, hospitali, siku hiyo hiyo. Ikichelewa, kumbukumbu nyingine hazirudi.

LUSAJO: Mama yetu ameuliza jambo la mwisho: je, amfungie mumewe ndani wiki nzima ili aache?

VUMI: Asifanye hivyo, tafadhali. Mtu anayekunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata mshtuko kama wa kifafa, anaweza hata kufa. Mikono ikianza kutetemeka asubuhi kabla hajanywa, hiyo ni ishara tosha. Amlete hospitali kwanza, tuna dawa za kumshusha taratibu. Na aje naye yeye mwenyewe, kwa sababu tukimuuliza mume anakunywa kiasi gani na hufanya nini akilewa, anayejua ni mke.