Mgonjwa Anayetumia Unga Akilazwa Wodini

Asante, mwenyekiti. Picha za mwanzo naziruka. Mofini, dawa kali ya maumivu ya ukoo mmoja na heroini, mnaijua na dozi mnazo kwenye mwongozo. Mimi nataka tukae na mgonjwa mmoja. Walionisikia mwaka jana wanisamehe, ni yuleyule.

Kijana kagongwa na bodaboda, mguu umevunjika chini ya goti, kafungwa hogo, kapandishwa wodini jioni. Anatumia unga, yaani heroini. Hakuna aliyemuuliza. Muda wa saa 8 hadi 12 tangu kete ya mwisho arosto, yaani mateso ya kuukosa unga, inaanza: miayo, kamasi, machozi, vinyweleo vimesimama, tumbo linasokota, anaharisha. Sista wa zamu ya usiku anaona mtu anayetokwa jasho na kutukana, anaandika "msumbufu". Kesho yake kazidi, maana arosto ya heroini hukolea siku ya pili au ya tatu. Siku ya tatu, kitanda kitupu. Faili linasema ametoroka. Jamani, mtu na hogo lake kashuka ngazi, na bado tunaandika kana kwamba kaenda matembezini!

Naona kuna anayetabasamu pale nyuma, na swali lake nalijua: tukimpa mofini, si tunamlewesha teja kwa dawa ya serikali? Hapana. Aliyezoea unga halewi kwa dozi ya kuzuia arosto. Anatulia, analala, anakubali kusafishwa kidonda. Na maumivu yake yanataka dawa zaidi ya yako wewe, si pungufu, kwa kuwa mwili umeshazoea. Mnampa panado halafu mnashangaa kelele.

Sasa huyu wa methadoni, dawa anayokunywa kila siku kliniki badala ya unga. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kwa hiyo msiniambie hamjawahi kukutana naye. Akilazwa, pigeni simu kliniki yake. Ulizeni dozi yake, na alikunywa mara ya mwisho lini. Hili la pili mnalisahau kila mara! Akikosa siku tatu au zaidi, mwili umeanza kupoteza mazoea yake, na dozi yake ya zamani yaweza kumzima pumzi. Kama hajakosa, aendelee nayo, na juu yake apewe dawa ya maumivu. Nimechoka kusikia "wewe si una methadoni yako?" Methadoni ya asubuhi inazuia arosto mpaka kesho, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu inaisha ndani ya saa 6 hadi 8.

Akianzishiwa dawa za TB ndiyo kabisa. Rifampisini inaliharakisha ini kuivunja methadoni. Ndani ya wiki moja au mbili arosto inarudi, naye anakunywa dozi ileile. Anaambiwa mwongo. Ongezeni dozi kwa kushauriana na kliniki, na dawa za TB zikiisha kumbukeni kuishusha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Choo kigumu: mwili hauzoei kamwe, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo, sena au bisakodili, ianze siku moja na mofini. Figo mbovu: mofini kidogo, kwa nafasi ndefu, mabaki yake hurundikana. Pethidini, ndugu yake mofini, ya siku nyingi acheni, inaleta degedege. Akipumua chini ya mara 8 kwa dakika na haamki, msaidieni kupumua kwanza, kisha naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya mofini na wenzake, kidogo kidogo, mpaka apumue, si mpaka aruke kitandani na arosto kali. Na akiamka msimwache: naloksoni inaisha nguvu upesi, methadoni bado imo mwilini, anaweza kuzima tena.

Tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, leo imeponea. Maswali karibuni, ila la kwanza nauliza mimi: wodini kwenu, saa tisa usiku, naloksoni iko kabati gani, na ufunguo anao nani?