Sabuni Inakaa Wapi?

Ndugu zangu wahudumu wa afya, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie jinsi mazoea yanavyojengeka na kwa nini mengine hayadumu. Nitachukua moja tu, kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, maana ndilo linalotusumbua kila siku.

Kijijini kwenu yupo mtu mzima asiyejua kwamba mikono michafu huleta kuhara? Sidhani. Mwaka 2020, corona ilipoingia, milangoni mwa maduka kuliwekwa ndoo ya koki na sabuni, na watu walinawa. Ndoo zikaondolewa, kunawa nako kukapungua. Elimu bado wanayo vichwani. Kwa hiyo tunaposema “wananchi ni wagumu kubadilika,” tunawaonea.

Zoea huanza kama uamuzi. Unakumbuka, unajilazimisha, unafanya. Ukirudia jambo lilelile, mahali palepale, kila mara baada ya tendo lilelile, ubongo huacha kuamua na mwili unakwenda wenyewe. Ndiyo maana unafunga mlango asubuhi, halafu njiani unajiuliza kama ulifunga.

Hilo huchukua muda gani? Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amejichagulia jambo la kufanya kila siku. Muda wa kati ulikuwa kama siku 66. Kwa makadirio yao, wepesi walihitaji 18 na wazito 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Basi ukikuta kaya imeacha kunawa juzi na jana, usiigombeze. Rudi tena wiki ijayo.

Sasa sikilizeni hili la Bangladesh. Katika shule mbili za msingi za vijijini, watafiti walitengeneza njia ya kutoka chooni hadi mahali pa kunawia, wakachora nyayo juu yake, na penye maji wakachora viganja. Hawakutoa somo lolote la usafi. Mwanzoni watoto waliokuwa wakinawa kwa sabuni walikuwa asilimia 4. Wiki sita baada ya michoro kukamilika walikuwa asilimia 74. Mtoto anatoka chooni, mguu unaona unyayo, anafuata.

Turudi kwetu. Mkiingia kwenye kaya, mwulizeni mama kwa upole: sabuni inakaa wapi? Mara nyingi iko chumbani, kwa sababu ni ghali, watoto wanaichezea na kunguru wanaiiba. Ana haki ya kuificha. Lakini kutoka chooni hadi chumbani kuna hatua nyingi, na njiani kuna kuku wa kufukuza na mtoto anayelia.

Hapo ndipo kibuyu chirizi kinapofaa. Dumu la lita tano, tobo dogo la msumari karibu na mdomo, kamba ya kulining’inizia, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu ili dumu liiname na maji yachirizike. Toboeni sabuni katikati, ining’inizeni kwa kamba, na juu yake mfunike kopo ili mvua isiiyeyushe. Kisimame hatua mbili tatu kutoka mlango wa choo, upande ambao mtu lazima apite. Kikiwekwa nyuma ya choo, kitakuwa pambo la siku ya wageni.

Na mfanye kwa vikundi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu kama milioni mbili wa Tanzania kusikiliza redio pamoja na kujadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Jirani akichimba, na wewe unachimba.

Limebaki moja, na ndilo linaloua vibuyu vingi: dumu kukauka. Kabla hamjaondoka kwenye kaya, mjue nani atalijaza. Kubalianeni na anayeteka maji kwamba akirudi kutoka kisimani apitie pale kwanza, ajaze, ndipo aingie ndani na ndoo yake.