Jani Linavyopata Kijani Chake
(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini)

Wazee wangu mlioamka alfajiri kutoka Tandahimba na Newala, shikamooni. Walimu na wanafunzi, habari za asubuhi.

Kunde za makopo haya mawili nilizipanda siku moja, udongo mmoja, maji sawa. Kopo la kwanza lilikaa dirishani. La pili nililifunika ndoo siku saba, na ninalifunua sasa mbele yenu. Tazameni: mashina marefu membamba, vichwa vimeinama, majani ya manjano. Mbegu ni ileile. Lililokosa ni mwanga.

Kijani cha jani, yaani umbijani, hukaa ndani ya vifuko vidogo mno viitwavyo kloroplasti. Katika kunde hizi za gizani vifuko vipo, ila ni vichanga. Malighafi ya umbijani imebakiza hatua moja, na kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia) cha hatua hiyo hakifanyi kazi bila mwanga. Tena kwenye kiini cha seli zimo protini zinazozuia jeni za kijani, yaani maagizo ya kutengeneza protini zake, zisisomwe gizani. Mwanga ukiingia, vizuizi huvunjwa na jeni hufunguka kwa mamia.

Sasa lililonivuta mimi katika fani hii. Kloroplasti ina jeni zake yenyewe, mia moja na kidogo. Asili yake ni bakteria aliyemezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Mereschkowsky, Mrusi, aliliandika jambo hilo mwaka 1905 na halikukubalika. Lynn Margulis wa Marekani akalifufua mwaka 1967. Tangu kumezwa huko, jeni nyingi zimehamia kwenye kiini. Leo kloroplasti hutumia protini zipatazo 3,000, na inazojitengenezea hazifiki mia. Zilizobaki hutoka nje, kila moja ikiwa na kipande cha mbele kinachoifungulia mlango. Ikishaingia, kipande hukatwa.

Rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa, kina vipande vikubwa vinane vinavyotengenezwa ndani na vidogo vinane vya kutoka nje. Upande mmoja ukichelewa, kazi haiendi. Kwa hiyo kloroplasti yenye hitilafu hupeleka habari kwenye kiini, nacho hupunguza kusoma jeni za kijani zilizomo ndani yake.

Mzee mmoja aliniuliza kama mkorosho wake unaumwa, maana machipukizi yalikuwa mekundu. Hauumwi, mzee wangu. Wekundu ule ni rangi nyingine, haimo kwenye kloroplasti, na unaonekana kwa kuwa kijani bado ni kichache. Jani lile halijaweza kujilisha. Linalishwa sukari na majani yaliyokomaa. Ndiyo maana ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, ukilivamia changa naumia sana: mti umelilea, nalo halijaurudishia kitu.

Kopo hili lisiguswe. Liacheni hapo penye mwanga, na baada ya chakula cha mchana tuje tuone limefikia wapi.