Mtazameni Faru Kabla ya Kumhukumu Dürer

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi hapa Kampala na leo nalirudia: picha za kale hatuzitazami. Tunauliza kachora nani, inauzwa pesa ngapi, kisha tunapita.

Huyu faru kwenye picha ukutani ni wa Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1515. Dürer hakumwona kamwe. Faru mwenyewe alitoka India, akashushwa Lisbon mwaka huohuo kwa mfalme wa Ureno. Kilichomfikia mchoraji ni maelezo ya barua na mchoro wa mtu mwingine. Baadaye mfalme akampeleka mnyama kwa Papa, meli ikazama njiani, faru akafa maji.

Kila nikiionyesha, mtu hunyoosha mkono: "Mwalimu, amekosea, faru hana kipembe mgongoni!" Kweli hana. Aliyefika hifadhi ya faru ya Ziwa, kule Nakasongola, akawaona faru kwa macho yake, atayakataa hata hayo magamba ya miguuni. Haya, kosa umeliona. Umeona nini kingine? Sogea! Hii ni chapa ya ubao. Mchongaji huondoa mbao yote isiyo mstari. Kinachobaki juu ndicho kinachopakwa wino. Hakuna kijivu hapa. Ni wino au karatasi tupu, basi. Sasa fuateni tumbo: kivuli kinatokea pale mistari inaposongamana, na ikiachana kidogo tu, mwanga unaingia. Tazameni mikunjo ya shingo inavyolemea, na vile viduara begani, kila kimoja kimechongwa peke yake. Mnauona uzito? Uzito wa mnyama ambaye mchoraji hakuwahi kumtia machoni! Ndiyo maana Ulaya ilimwamini faru huyu kwa zaidi ya miaka 200, na vitabu vikamnakili pamoja na kipembe chake.

Najua kuna anayesema moyoni: hayo ni ya kwao, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Fungueni kitabu cha 1863 cha Speke, yule mvumbuzi Mwingereza aliyetafuta chanzo cha Nile, picha ya maporomoko ya Ripon, hapo Jinja. Speke aliyafikia Julai 1862 bila mwenzake Grant, na Grant ndiye aliyechora sana katika safari ile. Basi ulizeni mistari hiyo ilitoka kwenye jicho la nani, na ipi iliongezwa na mkono wa mchongaji Ulaya. Tangu bwawa la Owen Falls likamilike mwaka 1954, maporomoko yamezama. Hamwezi kwenda kulinganisha. Usipojua kuisoma picha ile, umepoteza sehemu ya Jinja.

Nilitaka tukae pia na Nyero, ile miduara myekundu kwenye miamba ya Kumi, lakini naonyeshwa saa. Pale hakuna jina la mchoraji la kuuliza. Mkienda, kaeni chini mbele ya mwamba, simu ibaki mfukoni, mfuate duara moja kuanzia katikati hadi nje. Maswali tuyachukue sasa.