Bendera ya Mwaka Gani?

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu na ndugu zangu nyote, asalamu alaykum.

Nimeombwa nizungumzie jambo lililoenea katika miji kadhaa ya nchi za Magharibi, na ambalo baadhi ya vijana wetu wanatamani tuwe nalo hapa Unguja: kutweka mbele ya ofisi za mji, au katika bustani ya umma kama Forodhani, bendera za asili za jamii zilizohamia mahali hapo. Nia yake ni njema na sitaibeza. Lakini kila ninapolifikiri hurejea kwenye swali moja: bendera ipi, na ya mwaka gani?

Tuseme tumekubaliana kwamba jamii zilizoujenga Mji Mkongwe zitwekewe bendera zao pale ufukweni. Wangazija walihamia hapa kwa wingi katika karne ya 19, zama ambazo hapakuwa na dola iitwayo Komoro. Tangu nchi hiyo ijitawale mwaka 1975 imebadilisha bendera mara kadhaa, na hii ya leo ni ya 2001, hata mzee aliyezikwa hapa kabla ya hapo hakuwahi kuiona. Washihiri walitoka Hadhramaut iliyokuwa na masultani wake wenyewe, kisha nchi yao ikaingizwa katika Yemen ya Kusini mwaka 1967, nayo ikaungana na ya Kaskazini mwaka 1990. Magoa waliokuwa wakisali kanisa la Minara Miwili walitoka Goa ilipokuwa milki ya Ureno, na India haikuichukua mpaka Desemba 1961. Basi tuwatwekee Magoa bendera ya Ureno iliyowatawala, au ya India ambayo wengi wao waliondoka kabla haijafika kwao? Waparsi nao (mmoja wao, aliyezaliwa hapa mwaka 1946, dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury) hutaja asili ya Uajemi, ambako wazee wao walihama zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Gumu zaidi ni suala la Oman. Bendera nyekundu tupu ilikuwa ya Muscat na ilikuwa ya Unguja vilevile. Wao waliibadilisha mwaka 1970. Kwetu ilidumu mpaka Desemba 1963, ikafuatwa na nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili, ambayo ilipepea mwezi mmoja na siku chache tu, mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Kwa nyumba moja kitambaa hicho chekundu ni kumbukumbu ya bibi na baraza yake. Kwa nyumba ya pili ni kumbukumbu ya utumwa. Nyumba hizo mbili ziko kichochoro kimoja, na Ramadhani hupelekeana futari.

Wala si sisi peke yetu. Katika mji wa Westminster, jimbo la California, wanaishi Wavietnam wengi waliokimbia baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975. Mwaka 2003 baraza la mji huo liliitambua bendera yao ya manjano yenye mistari mitatu myekundu, nayo ni bendera ya dola ambayo haipo tena. Mhamiaji aliyekimbia mara nyingi hubeba bendera ya nchi aliyoipoteza, si ya nchi iliyopo, na baraza la mji likiitweka huwa limeshaingia, likitaka lisitake, katika ugomvi wa watu wa mbali.

Kisha kuna suala la mwenye mlingoti. Mbele ya ofisi kuu ya mji wa Boston ipo milingoti mitatu, na ule wa tatu ulikuwa ukiazimwa. Kati ya mwaka 2005 na 2017 ziliruhusiwa sherehe 284, nyingi zikiwa za bendera za mataifa, bila ya ombi hata moja kukataliwa; halafu, mwaka 2017, mji ukakataa bendera ya kikundi cha Kikristo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Mei 2022 majaji wote tisa wakaona kwamba mji uliokuwa haukagui kinachotwekwa hauwezi kudai kuwa mlingoti ule ulikuwa ukisema kwa niaba yake, wala kumkatalia mmoja kwa sababu ya dini yake. Ukifungua mlango kwa wote, umefungua.

Watu wa bahari hii walijua zamani kwamba bendera husema kwa niaba ya mwenyewe. Majahazi ya Waarabu wa Sur, bandari ya Oman, yalikuwa yakipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zisiyapekue, na ugomvi huo ulifikishwa mbele ya wasuluhishi wa The Hague, walioamua mwaka 1905 kwamba Ufaransa isiwape tena bendera yake raia wa Sultani wa Muscat, ila wale waliothibitika kuwa chini ya hifadhi yake kabla ya 1863. Kwa nahodha yule bendera haikuwa pambo wala kumbukumbu ya asili. Ilikuwa ni kusema, mimi nina mwenyewe, usiniguse.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba milingoti ya umma ibaki na bendera ya Jamhuri ya Muungano na hii ya Zanzibar tuliyonayo tangu 2005, na anayetaka kupeperusha ya kwao aipeperushe barazani kwake au kwenye arusi ya mwanawe, bila ya kuulizwa na mtu.

Kijana mmoja aliniletea mchoro wa milingoti kumi na miwili iliyopangwa ufukweni, kazi safi kabisa. Nilimwomba aandike chini ya kila mlingoti mwaka wa bendera yake. Alirudi baada ya wiki na milingoti minne, na chini ya mmoja wao ameandika miaka mitatu, yote ameikata kwa wino.