Beseni la Kunawia

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, vijana wa bodaboda, habari za asubuhi. Mwenyekiti wa soko amenipa dakika kumi, masufuria yako jikoni.

Nianze na beseni. Kwenye misiba yetu, na kwenye vibanda kadhaa hapahapa, beseni moja linazungushwa: huyu anachovya vidole, anasugua kidogo, anampasia mwenzake. Likimfikia wa kumi, maji yana rangi ya chai. Mkono huohuo unaingia kwenye sinia la wali. Nimenawa hivyo miaka mingi, maana ukikataa unaambiwa unaringa.

Sasa kipindupindu. Vimelea vyake vinatoka kwenye kinyesi cha mtu na kuingia kinywani mwa mwingine, kwa maji, chakula au mikono. Samahanini wanaokunywa chai. Haviruki kwa pumzi, kwa hiyo abiria mwenzako kwenye daladala usimkimbie. Tunamwogopa anayetapika, lakini huyo kila mtu anamwona. Wengi walioambukizwa hawaumwi kabisa, au wanaharisha kidogo wakasingizia maharage ya jana, na bado wanatoa vimelea kwa siku 1 hadi 10. Mtu wa namna hiyo anakuja msibani mzima wa afya, anatania watani, anachovya mkono.

Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi, ukavuka hadi Zanzibar, na waliougua walipita 20,000. Mlipuko ukitokea, tunakimbilia kukataza maji ya kandoro na matunda yaliyomenywa barabarani. Sawa kabisa. Lakini beseni halina leseni, mgambo hawezi kulikamata.

Wekeni ndoo yenye koki, na nyingine chini ya kupokea maji machafu. Koki hakuna? Mmoja ashike jagi awamwagie wenzake. Wala si mambo mageni haya. Bibi zetu wa Pwani walimnawisha mgeni kwa birika, beseni likawa la kukinga tu. Sabuni ikiisha, jivu linasaidia.

Maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote, yafunikwe, na yasichotwe kwa kikombe kinachozama pamoja na vidole. Kachumbari, kwa sasa, mimi naipisha.

Mtu akianza kuharisha maji yanayofanana na yaliyooshea mchele, msingoje kukuche. Anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, na kinachomuua ni kukaukiwa. Mpelekeni kituo cha afya, na bajaji ikiwa bado inatafutwa, awe anakunywa. Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, iende kwenye lita moja ya maji salama. Pakiti hakuna, kwenye lita hiyohiyo tieni sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Akitapika, subirini dakika kumi, mwendelee kidogokidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Soda si badala yake, hata kama ndiyo anayoililia.

Hapa nina dumu la lita moja, sukari na chumvi. Mama wa chapati, njoo utupimie. Juzi ulinibishia kwamba nusu kijiko hakitoshi. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo sawazisha kwa kisu, wote waone.